Soma kwa Sauti Kabla ya Kutuma
Wiki hii nimesoma mswada wa riwaya ambao mwandishi wake ana kipaji, hilo halina ubishi, lakini mjane aliyemzika mumewe Ijumaa katika sura ya 2, kufika sura ya 7 anasimulia mazishi ya Jumatatu. Jina la mtoto nalo limebadilika njiani. Nimeumia, maana kosa la namna hii halimhitaji mhariri. Linamtaka mwenye kazi aketi na kalamu, asome ukurasa kwa ukurasa, tena kwa sauti, kwa kuwa sikio hukwama pale ambapo jicho limeshazoea kupita. Wapo wanaoniambia, "Mhariri yupo, atanyoosha." Mhariri mwenye lundo la miswada mezani hanyooshi, anarudisha, na mara nyingi bila maelezo. Ernest Hemingway alieleza katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958 kwamba ukurasa wa mwisho wa A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 ndipo akaridhika. Simwambii kijana wetu afike huko. Kuna kusahihisha kunakoua, sentensi ikaparuliwa hadi ikakosa damu. Ila aufungie mswada kabatini wiki tatu, autoe, aikate aya ya kwanza bila huruma (mara nyingi hadithi huanzia kwenye ya pili), ahakiki majina na siku, ndipo autume. Huyu wa mjane nimemrudishia kazi yake jana, nikamwandikia pembeni kwa mkono kwamba naisubiri tena.