Safari ya Chama: Nairobi au Kitale?

  Ningependa kuzungumzia jambo lililozua ubishi mkali katika Chama cha Kiswahili hapa Bungoma muhula huu, nalo ni safari yetu ya mwaka.

Kama mjuavyo, safari hii tumekubaliana kwamba kila mwanachama anaweza kuja na mdogo wake mmoja wa shule ya msingi. Wazo hilo ni zuri na hakuna aliyelipinga. Ubishi uko juu ya mahali pa kwenda. Wengi wanapiga kelele, "Nairobi! Nairobi!" Mimi nasema twende Kitale. Najua kuna walioanza kucheka tayari. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mcheke.

Hebu tuikumbuke safari ya Nairobi iliyopita. Orodha ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo: Bunge, jumba la KICC, Makumbusho ya Taifa, Mbuga ya Nairobi, Bomas na uwanja wa ndege, yote kwa siku moja! Matokeo yake yalikuwa nini? Bunge tuliliona kupitia dirisha la basi. Ndani ya makumbusho tulipita mbio kama watu wanaokimbia mvua, huku tukiambiwa, "Haya, haya, twende, tumechelewa!" Wengi waliporudi walikumbuka chipsi na usingizi tu. Na hao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Je, mtoto wa miaka 9 atakumbuka nini? Wahenga hawakukosea waliposema mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Sisemi kwamba Nairobi ni pabaya. La hasha! Makumbusho ya Taifa yana mifupa ya yule Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mifupa hiyo ina umri wa takriban miaka milioni 1.5, na wataalamu wanakadiria kwamba mvulana huyo alikufa akiwa na miaka kati ya 8 na 12, yaani rika la wadogo zetu. Pia kuna Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako limehifadhiwa behewa ambamo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall usiku mmoja wa mwaka 1900 kule Kima na kumuua. Mtoto gani hatapenda kusikia habari hizo? Siku tutakayokwenda Nairobi, basi twende sehemu hizo mbili tu, na tukae nazo.

Lakini kwa safari hii yenye watoto, nina hoja nne.

Hoja ya kwanza ni pesa. Hii ni shule ya kutwa. Tunajuana. Wazazi wetu wengine wanauza mboga sokoni, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanangoja mahindi yakauke ndipo karo ilipwe. Kutoka hapa hadi Nairobi ni karibu kilomita 400. Huwezi kwenda na kurudi siku moja na watoto, kwa hiyo lazima kuwe na pesa za mafuta, za kulala na za kula. Ukiongeza mdogo mtu, gharama inakuwa mara mbili. Nani atabaki nyumbani? Sote tunajua ni nani. Ni wale wale wanaobaki kila mwaka, ambao Jumatatu wanasikiliza hadithi za wenzao huku wakitabasamu kwa uchungu. Kwenda Kitale ni kuondoka asubuhi na kurudi jioni, na chakula tunaweza kubeba kutoka nyumbani. Safari ya chama iwe ya chama chote, isiwe ya wenye nacho.

Hoja ya pili ni kwamba Kitale kuna mambo, tena mengi. Wengi wetu tunapita pale kwa matatu bila kugeuza shingo. Makumbusho ya Kitale yana historia ya kupendeza. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya wadudu, wanyama na vitabu, alianzisha makumbusho yake ya binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha usia kwamba mkusanyiko wake, pamoja na fedha, vitumike kuanzisha makumbusho mapya. Jengo hilo lilifunguliwa Desemba 1974. Mbali na wadudu na ndege, utaona vitu vya Wapokot, Wamarakwet na Waturkana. Nje kuna nyumba za kiasili ambazo mtoto anaweza kuingia akatazama, kuna nyoka, mamba na kobe, na kuna njia ya miguu inayopita katika msitu wa asili. Yote hayo yako katika ua mmoja. Watoto hawahitaji kupanda na kushuka basi mara sita, na akichoka mmoja, anapumzika chini ya mti akisubiri wenzake.

Hoja ya tatu ni njia yenyewe. Tukipitia Webuye tutaviona vilima vya Chetambe. Pale ndipo Wabukusu walipopigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, wakiwa wamejikinga ndani ya ngome ya kuta za udongo na handaki. Ni aibu mtoto wa Bungoma kujua Fort Jesus ilijengwa na nani, lakini aulizwe habari za Chetambe abaki ameduwaa. Mwalimu wetu wa historia anaweza kusimama pale dakika 20 tu akatueleza huku tukikitazama kilima, na hilo litakaa kichwani kuliko kurasa kumi za daftari.

Hoja ya nne inahusu saa. Kuna wanaopendekeza tuongeze Mbuga ya Saiwa, iliyoko upande wa pili wa Kitale kwenye njia ya Kapenguria. Ni mbuga ndogo ya kilomita mraba 3 hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule paa wa kwenye kinamasi. Watu huizunguka kwa miguu na kupanda minara ya mbao. Ni mahali pazuri mno. Tatizo ni kwamba nzohe huonekana zaidi alfajiri na jioni. Sisi tutafika huko saa saba mchana, jua kali, watoto wana njaa, na nzohe kajificha kwenye matete. Tutakuwa tumelipa kutazama nyasi! Saiwa tuiwekee siku yake. Kuchagua mahali ni pamoja na kujua pa kuacha.

Sasa, tukifika makumbusho tufanye nini? Napendekeza kila mwanachama na mdogo wake wapewe kikaratasi chenye kazi tatu: watafute kitu kimoja ambacho nyanya yao bado anacho nyumbani, watafute kitu ambacho hawajawahi kukiona, na waulize jina lake kwa Kiswahili. Sisi ni Chama cha Kiswahili, jamani! Ni wangapi hapa wanajua kwamba mfuko wa mishale unaitwa podo? Tena watoto wasisomewe kila maandishi ukutani kama wako darasani. Waacheni waulize. Saa mbili ndani na nje zinatosha, kisha tule, kisha wacheze, kisha turudi nyumbani mapema.

Najua jibu la wapinzani wangu: "Kitale tumezoea, tutaonekana washamba." Nawauliza, umeizoea Kitale au umeizoea stendi ya matatu ya Kitale? Watu hutoka Nairobi, wengine hata Ulaya, wakalipa kiingilio ili waone kile tunachokipita kila likizo. Wengine watasema, "Huenda mdogo wangu asipate nafasi nyingine ya kuiona Nairobi." Hiyo ni hoja nzito na siipuuzi. Lakini mtoto aliyefundishwa kutazama vizuri Kitale atajua kutazama vizuri Nairobi siku yoyote atakayofika, hata kama ni baada ya miaka kumi. Aliyefundishwa kukimbia ataendelea kukimbia.

Kwa hayo machache, namwomba mwalimu mlezi wetu na viongozi wa chama, kabla ya kura kupigwa, watusomee gharama za safari zote mbili, na watuulize ni nani atakayeweza kulipa kila moja. Hesabu ya mikono itakayoinuliwa ndiyo itakayosema ukweli. Ndugu zangu, msiache mbachao kwa msala upitao.

Wenu katika Kiswahili,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.