Nahodha, taratibu: watoto wamo majini

Wazazi wenzangu, sikukuu zikifika familia nyingi hushuka Kunduchi na kupanda boti kwenda kuogelea Mbudya. Kisiwa hicho na jirani yake Bongoyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, lakini hifadhi haimkingi mtoto aliye majini pale boti inapoingia ufukweni kwa kasi.

Wapo wanaosema bahari ni pana, nahodha aachiwe mwendo wake. Huko mbali, sawa. Karibu na waogeleaji, hapana. Boti inayokwenda kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Mita 50 ni sekunde 5 tu. Tena injini ikikazwa, pua ya boti huinuka, nahodha asione vizuri mbele.

Barabarani penye makazi tumewekewa kilomita 50, na matuta karibu na shule. Baharini hakuna tuta.

Basi kabla ya kulipa nauli, mwambie: “Kaka, tukikaribia wanaoogelea, taratibu.” Mvalishe mwanao jaketi la kujiokolea. Akiingia majini, mmoja wenu asimame ufukweni akimtazama, simu ikiwa mfukoni.