PANCHA SI UONGO

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii nilikaririshwa nikiwa kidato cha kwanza, lakini maana yake niliipata asubuhi moja ya muhula wa pili mwaka huu, nikiwa nimepiga magoti langoni, jasho linanitiririka na mikono imejaa grisi. Nilikuwa nimechelewa kwa dakika 35. Mwalimu wa zamu akaniuliza sababu. Nikamjibu kwa heshima zote, "Mwalimu, nimepata pancha."

"Jumatatu pancha, Alhamisi pancha! Hiyo tairi yako imetengenezwa kwa karatasi?"

Wenzangu waliokuwa wakielekea gwarideni wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Muuza mkate amechelewa!" Nikapewa fyekeo, nikafyeka nyasi hadi kipindi cha pili.

Sina kinyongo na mwalimu, jamani. Kuchelewa ni kuchelewa. Lakini naomba, msomaji mpenzi, nitumie ukurasa huu wa jarida la chama chetu kusema jambo ambalo sisi wapanda baiskeli husemezana tu chini ya ule mwarobaini tunakoegesha. Tumechoka kuitwa waongo, na tumechoka kuonewa haya.

Kwanza niseme ukweli kuhusu ile Alhamisi, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Pancha ya Jumatatu ililetwa na mwiba. Nilisukuma baiskeli kilomita 3 hadi kwa fundi. Akaitumbukiza tyubu kwenye karai la maji, mapovu yakamwonyesha tundu, akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akangoja ikauke kidogo (haraka ndiyo huharibu kiraka), kisha akabandika. Nikalipa, nikaondoka mbio. Tulichosahau sote wawili, yeye kwa wingi wa wateja nami kwa ujinga, ni kupapasa ndani ya tairi. Kumbe ncha ya mwiba ilikuwa bado imekwama pale kwenye mpira, fupi kama punje ya mchele. Kila gurudumu lilipozunguka, ncha ile iliidunga tyubu kidogo kidogo, mpaka Alhamisi ikapenya.

Basi mwalimu alikuwa na nusu ya haki. Pancha ya kwanza ilikuwa ya barabara, ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Siku hizi hupitisha kitambaa ndani ya tairi nzima kabla sijarudisha tyubu. Kitambaa kikishikwa mahali, hapo pana mwiba. Vidole msitumie, nawaonya. Nina kovu.

Aliyenifunza hayo ya kitambaa ni mjomba wangu, ambaye zamani alibeba abiria kwa baiskeli mjini Busia, kabla pikipiki hazijaichukua kazi ile pamoja na jina lake. Maana neno bodaboda, kwa wasiojua, lilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani, kutoka boda ya Kenya hadi boda ya Uganda. Desemba iliyopita alinichukua tukaendesha kutoka Kisumu mpaka Busia, zaidi ya kilomita 100. Mimi nilijiona dume. Ukishapita Kisian barabara huanza kupanda kuelekea Maseno, na mlima ule hauna mzaha. Nikaushambulia nimesimama juu ya pedali, nikampita mjomba, nikampungia na mkono. Yeye aliketi tu, akikanyaga polepole kama mtu anayekoroga uji.

Alinikuta Maseno, pale Ikweta, nimelala chali kwenye nyasi. Hakunicheka. Alinipa maji na kipande cha muhogo wa kuchemsha. "Kula, mpwa wangu. Usingoje njaa ikwambie." Muhogo nikaukataa kwa kiburi! Tukapita Luanda, tukapita Yala, na kufika Ugunja miguu ikagoma kabisa. Niliona nyota saa sita mchana. Baadaye ndipo nilipoelewa katika somo la biolojia kwamba akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini huweza kwisha baada ya saa mbili hivi za kazi nzito, na ikiisha, hata uwe simba, utasukuma baiskeli. Nilikula mandazi manne na ndizi tano pale Ugunja, nikangoja, nikaendelea. Tuliingia Busia jua likitua.

Sasa nirudi shuleni. Nyumbani kwetu ni kilomita 11 kutoka hapa. Kwenda na kurudi ni 22, na kwa wiki ni 110, yaani karibu Kisumu hadi Busia kila wiki, tena na mkoba wa vitabu. Nilipoingia kidato cha kwanza tulihesabu mapigo ya moyo darasani tukiwa tumeketi. Yangu yalikuwa 84 kwa dakika. Mwaka huu tulirudia, nikapata 62. Mwalimu wa biolojia alieleza kwamba moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Nilifurahi kuliko siku niliyopata A ya insha. Lakini wachezaji wa kandanda hupewa glukosi na basi la kwendea mashindanoni, nasi tunapewa jina la muuza mkate.

Ati baiskeli ni ya maskini? Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika hapa jirani, Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France na kuvishwa jezi ya kijani. Naye Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa utotoni na Mkenya David Kinjah, alishinda mbio hizo mara 4 (2013, 2015, 2016 na 2017), ingawa wakati huo alikuwa amehamia bendera ya Uingereza. Sijui angebaki na bendera yetu kama tungemthamini. Hilo nawaachia wanachama wa mdahalo.

Wanaoumia zaidi ni wasichana. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili huja kwa baiskeli ya babake, na maneno anayorushiwa njiani siwezi kuyaandika hapa. Mwezi jana alianza kutembea. Sasa huamka saa kumi.

Ombi letu kwa walimu ni dogo. Hatuombi kusamehewa kuchelewa. Ukiwa na pampu, gundi na viraka, pancha ni kazi ya dakika 15. Usipokuwa navyo ni saa nzima ya kusukuma. Wengi wetu hawana. Tairi ikiisha upepo tukiwa darasani, jioni tunaondoka kwa miguu na giza linatukuta barabarani pamoja na malori. Tumechanga shilingi 640 sisi wenyewe, wapanda baiskeli 16, na pampu tayari tumenunua. Karai tutaazima jikoni. Kilichobaki ni pembe moja ya stoo ya vifaa vya michezo na ruhusa ya kuingia humo saa kumi jioni. Ufunguo ninaweza kuushika mimi.