Ukiona Vyaelea

Kila yanapozungumzwa mapenzi ya watazamaji wa Marekani na Ulaya kwa filamu za Kichina za mapigano, hutolewa majibu mawili, na yote mawili ni ya uvivu. Jibu la kwanza ladai kwamba mtu wa Magharibi hupenda damu, na kwamba Hong Kong ilimuuzia damu hiyo kwa bei nafuu. Jibu la pili lina adabu zaidi, na kwa sababu hiyo lina madhara zaidi: ladai kwamba kilichomvuta ni siri za Mashariki, yaani watawa walionyoa vichwa, ukungu wa milimani na wazee wa ndevu nyeupe wasemao kwa mafumbo. Majibu haya ni ndugu wa tumbo moja. Yote yakataa kukiri kwamba mbele ya mtazamaji palikuwa na sanaa, na kwamba sanaa hiyo ilikuwa na mafundi wenye majina.

Mambo yalianza hivi. Mwezi Machi 1973 kampuni ya Warner Bros. ilitoa nchini Marekani filamu ya studio ya Shaw Brothers ya Hong Kong, ikapewa huko jina la Five Fingers of Death. Mwongozaji wake, Jeong Chang-hwa, alikuwa Mkorea. Ilipofika Mei mwaka huo huo, filamu tatu za Hong Kong zilikuwa zimeshika nafasi tatu za juu katika orodha ya mapato ya senema za Marekani. Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940, alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, wiki chache tu kabla ya Enter the Dragon kuonyeshwa. Waliojaza viti hawakuwa mabwana wa vyuo vikuu. Wengi walikuwa vijana wa mitaa ya kati ya miji mikubwa, Wamarekani Weusi na Wapuerto Rico, katika senema chakavu kama zile za Mtaa wa 42 wa New York. Sauti za Kiingereza zilizobandikwa hazikulingana na midomo ya wachezaji. Watu wakacheka, na kesho yake wakarudi.

Ingekuwa ni damu walioifuata, wasingekuwa na haja ya kuitafuta Hong Kong. Hollywood ilikuwa nayo tele: ng'ombe na bastola kwa miaka mingi, na mwaka mmoja kabla, The Godfather. Lakini bastola haimtaki mwenyewe ajifunze kitu. Kidole kimoja chatosha. Vijana wale waliona jambo ambalo senema za kwao ziliwanyima, nalo ni mtu asiye na mali wala cheo anayekigeuza kiwiliwili chake kuwa chombo kwa kukifunza.

Ushahidi wa wazi kabisa ni The 36th Chamber of Shaolin, iliyoongozwa na Lau Kar-leung mwaka 1978. Mwenye kuitazama kwa kiu ya damu atatoka amekasirika, kwa kuwa sehemu kubwa ya kati ya filamu hiyo haina vita. Ina mafunzo. Kijana San Te hapati chakula mpaka aweze kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea. Hubeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa, huku visu vimefungwa mikononi: akilegeza mikono, vyamchoma mbavuni. Huanguka, akalowa, akarudi nyuma, akaanza tena. Mwaka 1993 kundi la vijana Weusi kutoka Staten Island, Wu-Tang Clan, liliipa albamu yake ya kwanza jina linalotokana na vyumba hivyo 36. Vijana hao walikuwa watunga vina. Hawakuchukua ngumi, walichukua wazo kwamba ustadi una daraja, kwamba daraja hazirukwi, na kwamba ulimi nao waweza kunolewa kama upanga. Hakuna profesa aliyezifasiri filamu hizo vizuri zaidi ya walivyozifasiri wao.

Mpenzi wa mashairi ataelewa upesi. Anajua kwamba mizani na vina si pambo lililobandikwa juu ya maana, bali ni nidhamu inayoizaa maana. Ndivyo yalivyo mapigano haya. Kamera husimama mbali ili mwili uonekane kuanzia utosini hadi unyayoni. Mapigo huja kwa hesabu: matatu, manne, kisha kituo, kisha tena. Hesabu hiyo haikuokotwa njiani. Jackie Chan na Sammo Hung walilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Peking ya mwalimu Yu Jim-yuen, huko Hong Kong. King Hu alijenga filamu zake juu ya mwendo na ngoma za opera hiyo hiyo, akisaidiwa na Han Yingjie aliyetokea humo. Baba yake Lau Kar-leung alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam alifunzwa na Wong Fei-hung. Kwa hiyo mtazamaji wa New York asiyejua neno moja la Kichina aliweza kuisikia mizani ya kitu alichokiona, kama vile asiyejua lugha ya shairi anavyotambua kwamba mghani hakukosea.

Ama wale wa siri za Mashariki, hoja yao ilivunjwa na mfano wao wenyewe. Kuanzia 1972 hadi 1975 televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo wa Kung Fu, wenye mishumaa, mafumbo na mtawa wa Shaolin aliyezaliwa na mama Mchina. Nafasi ya mtawa huyo ilichezwa na David Carradine, asiyekuwa Mchina kwa baba wala kwa mama. Basi siri ile haikumhitaji Mchina! Siri yaweza kuigizwa na yeyote aliyevikwa kanzu ya kitawa. Kinachomhitaji mwenyewe ni ufundi.

Kisha ikaja mwaka 2000 filamu ya Ang Lee, Crouching Tiger, Hidden Dragon. Ilipata dola milioni 128 hivi katika Marekani na Kanada, ikatwaa tuzo nne za Oscar, na wahakiki waliozipita kimya filamu za Mtaa wa 42 wakatangaza kwamba wamegundua ushairi. Si kosa kuisifu; yastahiki sifa. Kosa ni kuisifu kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Mapambano ya juu ya mianzi yaliyowatoa machozi yana mzee wake: King Hu aliyatengeneza msituni katika A Touch of Zen, filamu iliyotunzwa Cannes mwaka 1975. Mbweha wa Jade, yule mwovu wa filamu ya Lee, ni Cheng Pei-pei, aliyekuwa binti wa upanga katika Come Drink with Me ya King Hu mwaka 1966. Na aliyewarusha wachezaji ni Yuen Woo-ping, ambaye mwaka mmoja kabla mkono wake ulionekana katika The Matrix. Wachezaji waliruka kwa kamba, na kamba zikafutwa kwa kompyuta. Wahenga wa mwambao walikwisha kusema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mhakiki aliyeona vinaelea akasema ni miujiza ya Mashariki amezifuta kamba mara ya pili, na safari hii amewafuta na walioishika ncha ya pili.

Wafanyabiashara nao hawakumwamini mtazamaji wao. Iron Monkey ya mwaka 1993 ilifikishwa kwenye senema za Marekani mwaka 2001, ikiwa imebadilishwa muziki. Shaolin Soccer ya mwaka 2001 iliwekwa mpaka 2004, tena ikakatwa. Hero ya Zhang Yimou, ya mwaka 2002, ilisubirishwa miaka miwili. Ilipofunguliwa hatimaye Agosti 2004, ikisemwa kwa Kichina na kusomwa kwa maandishi ya chini, ilishika nafasi ya kwanza nchini kote. Aliyehofiwa kuwa hataweza alikuwa ameweza tangu 1973.

Patakuwapo atakayesema kwamba mapenzi ni mapenzi, na haidhuru yameitwaje. Yadhuru. Jina la kitu ndilo linaloamua nani atalipwa, nani atahifadhiwa na nani atasahauliwa. Sanaa ikiitwa sanaa, huulizwa: nani mwalimu wako? Ikiitwa siri, haiulizwi kitu. Hustaajabiwa, ikakatwa, ikauzwa. Michelle Yeoh aling'ara katika filamu ya Lee mwaka 2000, lakini alingoja hadi 2023 ndipo Oscar ya mchezaji bora wa kike ikamfikia, mwanamke wa kwanza wa asili ya Asia kuipata katika daraja hilo.

Kijana wa Mtaa wa 42 hakudai kuifahamu China. Alilipa kiingilio, akamtazama San Te akianguka majini mara baada ya mara, akajua kwamba anamwona mtu kazini. Wahakiki na wauzaji wangeanzia hapo, wasingehitaji miaka 30 kufika alipokuwa yeye siku ya kwanza.