Fomula ni rahisi, makisio ndiyo kazi

Wasomaji wangu, leo tuzungumze akiba ya hasara ya mikopo. Tangu Januari 2018, kanuni ya uhasibu ya IFRS 9 inaitaka benki isingoje mkopaji ashindwe. Ianze kutenga akiba mara mkopo unapotoka.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja wa programu: uwezekano wa mkopaji kushindwa, mara sehemu itakayopotea, mara deni lililobaki. Tuseme deni ni shilingi 100,000, uwezekano asilimia 5, na nusu ya deni itapotea hata dhamana ikiuzwa. Akiba ni shilingi 2,500.

Sasa badilisha ile 5 iwe 2. Akiba inashuka hadi 1,000 na faida ya benki inapanda papo hapo. Hakuna aliyelipa hata senti!

Ndiyo maana napenda jedwali la kizamani la Benki Kuu ya Kenya, linalotazama hasa siku za kuchelewa: mkopo wa kawaida asilimia 1, ukipita siku 90 asilimia 20, ukipita 180 asilimia 100. Likidai zaidi ya makisio ya benki, tofauti huwekwa kando, haigawiwi wenye hisa. Lisiondolewe.

Nanyi waandika programu wenzangu, mkipewa kazi hii, programu iweke kumbukumbu: nani alibadilisha tarakimu, lini, kwa nini. Akiba ikipungua, anayebaki hatarini ni mama aliyeweka pesa zake pale.