SAA YA MUPIRA NA YA KWAYA HAIKO SAA YA BURE



Kila mwaka, mtihani wa Serikali ukikaribia, tunasikia neno lile lile: "Sasa michezo imekwisha." Mupira unafungiwa katika biro, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaachishwa mazoezi ya kwaya, na kila mmoja anaambiwa asome mpaka usiku kati. Nia ni nzuri, tunajua. Walimu wanatutakia diploma. Lakini mimi naona ile njia haitufikishi. Saa moja ya mangaribi, pamoja na vitu vingine vidogo vya kila siku, ni sehemu ya masomo, haiko wizi wa masomo.

Kwanza tutaje taabu yenyewe. Kwetu Fizi na Baraka, mtu mwenye stresi hasemi "niko na stresi". Anasema: "Niko na mawazo mingi", ao "moyo ni muzito", ao "kichwa kimejaa". Na sababu ziko. Kuna mwenye deni la shule, muhogo wa nyumbani haujauzwa bado. Kuna ambaye nyumba yao kandokando ya ziwa iliingiwa na maji, juu miaka hii Tanganyika imepanda sana. Kuna waliokimbia vita. Mwaka 2025, Bukavu ilichukuliwa mwezi wa pili, Uvira mwezi wa kumi na mbili, na familia nyingi zilikimbilia pande zetu. Wengine wako kwenye mabanco pamoja nasi leo, wanaandika somo, lakini roho iko mbali.

Mtu wa namna hiyo, ukimwongezea saa tatu za kusoma usiku, unamwongezea nini? Anaangalia ukurasa mmoja mara tano, haushiki. Si uvivu. Mwili wetu umeumbwa hivi: ukiona hatari, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, mishipa inakaza, mtu awe tayari kukimbia ao kupigana. Ni vizuri ukikutana na nyoka njiani. Lakini mawazo yakikaa siku nyingi, mwili unabaki vile vile kana kwamba nyoka haondoki. Usingizi unapotea, tumbo linauma, hasira inakuwa karibu, na akili inasahau. Kichwa cha namna hiyo hakiwezi kushika hesabu. Lazima kwanza mwili uambiwe kwamba nyoka ameenda.

Namna ya kuuambia? Haiombi feza. Nitataja tano.

1. Kutembeza mwili. Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilitoa mashauri mwaka 2020: mtoto na kijana mpaka miaka 17 wanapashwa kutembeza mwili kwa nguvu kadiri ya dakika 60 kila siku. Mupira, kuruka kamba, kulima, kupanda mlima na ndoo, yote inahesabika. Wa Baraka wako na mchanga wa ziwa, wa Fizi wako na milima na hewa baridi. Hakuna mwenye kukosa mahali.

2. Kulala. Kijana wa umri wetu anahitaji saa 8 mpaka 10 kwa usiku mmoja. Anayesoma na tochi mpaka saa nane ya usiku, kisha akaamka saa kumi na moja, anachota maji na kitunga. Yale aliyosoma, usingizi njo unayaweka akilini. Na tuseme juu ya telefone: habari za vita zinatembea sana usiku, nyingine ni za uongo. Uliza habari mara moja, mchana, kwa mtu unayemwamini. Kisha zima.

3. Kupumua polepole. Musicheke. Kaa wima, miguu chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe ukihesabu mpaka 6. Fanya dakika tatu. Kutoa pumzi kwa urefu kunapunguza mwendo wa moyo. Hata kwenye banco ya mtihani unaweza kufanya, hakuna atakayejua.

4. Kuimba. Kuimba pamoja ni kupumua pamoja, na tena ni kusikia kwamba hauko peke yako. Hata katika kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, ambako watu wengi wa Fizi walikimbilia tangu mwaka 1996, kwaya hazikunyamaza. Na hapa Kivu yetu, hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege alianzisha Bukavu mwaka 1999 pamoja na kanisa la Kiprotestanti, ilifungua mwaka 2015 kazi ya kutibu kwa muziki. Wagonjwa walioumizwa sana na vita wanatunga nyimbo zao wenyewe, pamoja na fundi wa muziki na mtu aliyesomea mambo ya roho. Kama hospitali ya daktari mwenye tuzo la Nobel inaona wimbo ni dawa, sisi kwa nini tunauita mchezo?

5. Kupiga masolo na mtu. Wasichana wanajua hii kuliko sisi: wakisukana nywele, mambo ya moyo yanatoka bila kuulizwa. Wavulana tunajikaza, tunasema "hakuna kitu". Mwisho wake tunapasuka.

Hii ya tano inanipeleka mbali kidogo, mpaka Zimbabwe. Kule pia wanasema sawa sisi. Kwa Kishona ile hali inaitwa kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari mmoja, Dixon Chibanda, aliona waganga wa magonjwa ya akili ni wachache mno katika inchi nzima. Basi katika mtaa wa Mbare, kule Harare, alifundisha bibi wazee kukaa kwenye banco la mbao inje ya kituo cha afya na kusikiliza. Bibi hatoi kidonge. Anasikiliza, kisha anauliza: katika shida zako zote, tuanze na ipi? Wanatafuta pamoja hatua moja ndogo. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi wa watu 573 yalichapishwa: kisha miezi 6, waliokaa na wale bibi walikuwa wamepona zaidi kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Banco moja na bibi mmoja. Sisi tunakosa nini?

Najua kuna wenye kupinga. Wa kwanza atasema: "Mkristo hana stresi. Aombe tu." Ndugu yangu, soma tena habari za Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii mkubwa, kisha ushindi mkubwa, alikaa chini ya mti akaomba kufa. Malaika hakumgombeza kwamba imani yake ni ndogo. Alimwacha alale, akamwamsha akamupa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mafundisho yalikuja nyuma. Tuombe, ndiyo. Lakini tusimwambie mwenzetu aliyechoka kwamba ana pepo.

Wa pili atasema: "Mtoto ana njaa, amefukuzwa juu ya deni, wewe unamwambia apumue?" Huyu anasema kweli. Kupumua hakulipi deni, na wimbo hauleti mtu wa kwetu aliyepotea. Sisemi vitu vidogo vinaondoa mzigo. Nasema vinampa mtu nguvu ya kuubeba, na akili ya kutafuta njia. Tena upande wa sababu, shule inaweza kitu. Jina la mwenye deni lisisomwe mbele ya wote, aitwe pembeni. Mgeni aliyekuja na vita apewe mwenzake wa kumwonyesha daftari za nyuma. Hii pia haiombi feza.

Na kuna njia nyingine ambayo wenzetu wanaifuata, tusifiche. Ni kanyanga na bangi. Wanasema zinatuliza. Zinatuliza saa mbili, kisha kesho yake moyo ni muzito kupita jana, na feza imeisha. Vijana wengi wa pande zetu wameanzia pale, wakaishia kwa bunduki. Tukifunga mupira katika biro, tusishangae wavulana wakijificha nyuma ya majumba. Mahali pa furaha njema pakifungwa, mahali pabaya panafunguka.

Sasa jambo la maana kuliko yote. Kuna uzito ambao mupira na masolo haviwezi peke yao. Ukiona mwenzako, majuma mawili mazima, halali ao analala tu, hali chakula, ameacha vitu alivyopenda, analia ovyo, ao anasema afazali asingekuwako, usiseme "itapita". Usimcheke. Usimwache peke yake. Mwendee mwalimu unayemwamini, ao mchungaji, ao mzazi, mumupeleke pamoja kwenye kituo cha afya. Kutoa siri ya namna hii haiko usaliti. Malaria hatuionei haya. Ugonjwa wa moyo kuvunjika tuuonee haya kwa nini?

Kwa hiyo naomba mambo matatu, kwa heshima yote, kwa Bwana Prefe, walimu na wanafunzi.

Moja: saa ya mangaribi, toka saa kumi mpaka saa kumi na moja, ibaki ya mupira, kamba na kwaya kwa wote, zaidi kwa wa mwaka wa mwisho, mpaka siku ya mtihani.

Mbili: banco moja iwekwe chini ya mwembe, pale mbali na biro. Siku mbili kwa juma, mama mmoja wa kanisa ao mwalimu mmoja mwenye sikio akae pale. Anayetaka kusema aende, bila kuuliza ruhusa na bila kuandikwa jina.

Tatu, na hii ni yetu wanafunzi: taa izimwe mapema. Anayetaka kusoma zaidi aamke na jogoo.

Tujaribu trimestri moja. Kama pointi zitashuka, basi mupira urudishwe katika biro, nami nitanyamaza. Lakini kama zitapanda, tusisikie tena kwamba mwenye kuimba anapoteza wakati. Anayeona vingine aandike katika namba ijayo. Tutamsoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho