Wifi Huyu Ndiye Anayewagombanisha

Mwezi huu tunamzungumzia wifi. Hapana, siyo dada wa mume, huyo tulishammaliza. Nasema ile waifai ya nyumbani, na kile kidude kinachoirusha, yaani ruta.

Dada mmoja wa Sakina, hapa Arusha, kaniandikia. Mumewe anafanya kazi Dar es Salaam, na kila usiku wanapigiana simu ya video. Sebuleni wanaonana vizuri, wanacheka, watoto wanamsalimia baba. Ikifika saa nne mama anaingia chumbani, anafunga mlango, na hapo hapo picha inaganda, simu inakatika. Kila siku! "Anti, ameanza kuniuliza nani ananisubiri huko chumbani," ameandika. Sasa ni wiki mbili baba hapigi tena usiku.

Jamani, kabla hamjaitisha kikao cha wazee, ulizeni kwanza ruta iko wapi. Kwake iko ndani ya kabati la televisheni, na kati yake na kitanda kuna kuta mbili za bloku. Ruta nyingi za sasa hurusha kwa masafa mawili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini yanachoka upesi ukutani. Yale ya 2.4 kasi yake ni ndogo ila yanapenya zaidi. Simu ikiwa imeng'ang'ania 5, ukifunga mlango tu kwisha habari. Kwa hiyo dukani ulizia yenye masafa yote mawili, kisha iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba, mbali na maikrowevu ambayo ikiwaka huvuruga 2.4. Nyumba ikiwa ndefu au ya ghorofa, ruta moja haitoshi hata iwe na antena kama pembe za swala. Ongeza ya pili na uziunganishe kwa waya.

Wewe dada, itoe kabatini leo. Halafu mpigie wewe, ukiwa kitandani, mlango umefungwa, umzungushie simu chumba kizima. Akiendelea kuuliza baada ya hapo, niandikie tena, maana hiyo siyo kazi ya ruta.

Nje nako kuna mlima. Huku chini ya Meru mabonde ni mengi. Nyumba moja inapata 4G safi, jirani yake bondeni anahangaika. Kama unataka ruta ya laini, usianzie dukani. Azima laini za mitandao tofauti, zijaribu ndani kwako kati ya saa mbili na saa nne usiku, watu wakiwa wengi mtandaoni. Chagua mtandao kwanza, ruta baadaye. Wengi wanafanya kinyume: wananunua ya bei poa iliyofungwa kwa mtandao mmoja, kumbe mtandao huo kwao haushiki. Ruta ya laini hupenda dirisha lililoelekea mnara. Kama mkongo umefika mtaani kwako, chukua huo, mabonde hayauhusu.

Umeme ukikatika, ruta nayo inazimika hata kama mnara unafanya kazi. Kuna betri ndogo za kuikalisha hewani. Soma adapta yako: nyingi ni volti 12, nyingine 9 au 5. Volti lazima zilingane, na ampea za betri zisiwe pungufu. Umeme ukikatika chomoa adapta ukutani, maana ukirudi kwa kishindo ndiyo huungua kwanza.

Badilisha neno la siri lililotoka kiwandani, na kwenye ulinzi chagua WPA2 au WPA3.

Na ninyi akina kaka mnaofungua ukurasa wa ruta kuhesabu simu zilizoingia nyumbani mkiwa safarini! Ya ziada inaweza kuwa ya shemeji, au ya mtoto wa jirani anayefanya kazi za shule. Tena simu za siku hizi zinaweza kubadili namba zinayojitambulisha nayo kwenye ruta, simu moja ikaonekana mbili. Msije mkapanda basi la usiku kuja kufumania namba.